Kiti Hakiwekwi Kwenye Barafu

Mchuuzi wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, akibakiwa na ndoo ya changu jua likizama, bado ana pa kushika. Atawafukia kwenye barafu, au atawaachia mama wa kukaanga kwa bei ya hasara, na kesho asubuhi samaki wale wale watakuwa mezani kwa mtu. Mwenye jumba la sinema hana barafu. Kiti kilichobaki kitupu katika onyesho la saa tatu usiku hakiuzwi tena. Taa zikizimwa na picha ikianza, mali imeoza hapo hapo. Kesho atakuwa na kiti kingine cha kuuza, lakini cha leo kimekwenda.

Hesabu hiyo ndogo inafungua mengi yanayoonekana kama vituko katika historia ya sinema Afrika Mashariki: kwa nini tiketi za Jumapili ziliuzwa kwa ulanguzi mlangoni, kwa nini vijana walikimbiza mikanda kwa baiskeli toka jumba hadi jumba, kwa nini bisi zina bei ya kushangaza, na kwa nini kumbi zilizokuwa zikijaa hadi ngazini ziligeuka maghala na maduka. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba televisheni ndiyo iliyoua sinema. Lakini Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, huku Tanzania Bara ikisubiri hadi 1994. Kufika mwaka huo, majumba mengi ya Bara yalikuwa hoi tayari. Kama televisheni ndiye muuaji, basi Bara maiti ilipatikana kabla muuaji hajashuka kwenye basi.

Video ilitangulia, ni kweli, na iliumiza. Ila kabla ya video kuna jambo jingine lililopungua, nalo ni uhuru wa mwenye jumba kuamua aonyeshe nini, lini, na kwa bei gani. Huyo ndiye aliyejua mtaa wake. Alipofungwa mikono, viti vikaanza kuoza kimoja kimoja.

Biashara hii ya pwani ilijengwa na watu waliosoma mtaa kabla ya kusoma vitabu vya hesabu. Zanzibar, jina la Hassanali Adamji Jariwalla ndilo linalotajwa miongoni mwa waliotangulia kuonyesha picha kama biashara ya kudumu. Katika miaka ya 1920 pale Vuga lilisimama jumba la Royal, lililochorwa na John Sinclair, Mwingereza yule yule aliyechora Mahakama Kuu iliyo jirani na makumbusho ya Beit el Amani. Royal liliungua mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 mahali pake likafunguliwa Majestic, safari hii kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania: sura ya mbele yenye mistari mirefu iliyonyooka na kona za mviringo, mtindo uliokuwa fasheni ya dunia nzima. Mtu anayetoka Darajani kwa miguu na kukuta jengo lile alijua kabla ya kulipa kwamba anaingia mahali pa heshima.

Karibu kila mji wenye stesheni ya reli au bandari ulikuwa na jumba lake. Moshi lilikuwapo Plaza na Everest. Arusha kulikuwa na Elite na Metropole. Tanga walijivunia Majestic yao, pamoja na Novelty na Regal. Mombasa wana kumbukumbu za Naaz na Regal. Dar es Salaam orodha ni ndefu zaidi: Empire, Avalon, Odeon, Empress, New Chox, Cameo, na Amana huko Ilala. Wengi wa wamiliki walikuwa Waafrika Mashariki wenye asili ya Kihindi, na fedha zilizojenga kumbi hizi zilitoka kwenye maduka ya nguo na biashara za familia. Mwenye jumba alikaa mtaa wa pili. Picha ikiboa, aliambiwa kesho yake sokoni.

Serikali ya kikoloni nayo ilijaribu sinema kwa njia yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri milimani Usambara, kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliotengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika usafi, kilimo na kuweka akiba posta, kisha zikazungushwa vijijini kwa lori. Watu walikuja, maana onyesho lilikuwa bure na lori lenyewe lilikuwa sinema tosha. Lakini hakuna aliyelangua tiketi ili aone namna ya kuchimba choo. Miji ilikuwa imeshachagua: Raj Kapoor, ng'ombe na bastola za Marekani, waimbaji wa Misri, na baadaye Bruce Lee.

Kuchagua picha ndiyo kazi yenyewe ya mwenye jumba. Mengine ni mafundi na vibarua. Mwenye jumba wa Zanzibar alijua kwamba filamu ya Misri yenye nyimbo ina wateja wake, na kwamba wateja hao hawaji usiku ule ule na vijana wa picha za ngumi. Alijua kwamba wake wengi wa mjini hawatakaa ukumbi mmoja na wanaume wasiowajua, akaweka maonyesho ya wanawake peke yao, alasiri, wakati ambao vinginevyo viti vingekuwa vinapigwa na vumbi. Huyo hakuwa anafanya hisani. Alikuwa anauza samaki wa mchana ambaye hakuna mwingine angemnunua, na akina mama waliokuja na watoto, buibui na vikapu vya vitafunwa walimlipa kwa uaminifu wa miaka.

Bei nayo ilipangwa kwa busara hiyo hiyo. Viti vya mbele kabisa, karibu na pazia, ambako shingo inauma, vilikuwa vya senti chache; balkoni ilikuwa ya wenye nazo na wa familia. Kusini mwa bara hili mtu alipangiwa kiti kwa rangi ya ngozi. Katika kumbi nyingi za pwani yetu aliyepanga watu alikuwa mfuko wao. Hilo halikufuta ubaguzi wa mjini, na mwenye kiti cha balkoni hakumsahau aliyekaa chini yake, lakini machozi ya filamu ya Mother India yalidondoka pande zote mbili.

Jumapili ilikuwa siku nyingine kabisa. Familia zilivaa, zilijifukiza udi, zikatoka. Picha mpya ya Kihindi ikitangazwa, tiketi zilikwisha mapema na vijana wajanja walikuwa wamezishika mikononi wakiziuza kwa bei ya juu nje ya mlango. Ulanguzi huo umesimuliwa na mwanahistoria Laura Fair katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, kazi iliyokusanya kumbukumbu za watazamaji, wamiliki na wafanyakazi wa majumba ya Tanzania. Wamiliki walilalamika hadharani juu ya walanguzi, lakini mlanguzi anayeuza tiketi kwa bei mara mbili alikuwa tangazo bora kuliko bango lolote. Aliyekosa Jumapili alirudi Jumatatu na Jumanne, siku ambazo viti huoza zaidi.

Na hapo ndipo inapoingia baiskeli. Mkanda wa milimita 35 hupita kwenye projekta kwa kasi ya picha 24 kila sekunde, sawa na futi 90 kwa dakika. Koili moja ya futi 2,000 inakwisha kwa dakika 22 hivi. Mother India, filamu ya mwaka 1957 yenye urefu wa karibu saa tatu, ilihitaji koili zipatazo nane. Nakala mjini ilikuwa moja, na ilikuwa ghali. Watu walikuwa wengi kuliko viti vya jumba moja. Basi majumba mawili yalikubaliana: moja linaanza mapema, jingine linachelewa kidogo, na koili ikimalizika kwa kwanza inarudishwa nyuma haraka, inatiwa kwenye kopo, na kijana anapanda baiskeli. Akifika, fundi wa jumba la pili anaipokea huku koili iliyotangulia ikikaribia mwisho. Ni biashara yenye dakika chache tu za nafasi. Gurudumu likipata pancha, au mkokoteni ukiziba uchochoro, ukumbi mzima unabaki na kitambaa cheupe, na miluzi inaanza.

Ndani ya chumba cha projekta mambo hayakuwa mepesi. Kabla ya taa za xenon, mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyowashwa kwa umeme vikatoa cheche kali. Fundi alivisogeza kadiri vilivyoungua, la sivyo picha ingefifia na kuwa ya njano. Mikanda ya zamani ilikuwa ya naitreti, mali inayoshika moto upesi na isiyozimika kwa maji, hadi Kodak ilipoacha kuitengeneza mwaka 1951. Kwa hiyo chumba kilikuwa na kuta nene na kidirisha kidogo. Projekta zilikuwa mbili, ili koili ikikaribia mwisho alama ndogo ya duara ionekane kwenye kona ya picha, fundi awashe ya pili, na sekunde chache baadaye abadilishe. Mtazamaji mwenye bahati hakujua kwamba kuna mtu huko juu anayetoka jasho. Alimjua siku fundi aliposinzia.

Chini, ukumbini, hakuna aliyekaa kimya. Hili huwashangaza wageni waliozoea kumbi za Ulaya, ambako anayekohoa huangaliwa vibaya. Katika mji wa Austin, Marekani, kampuni ya sinema ya Alamo Drafthouse iliyoanza mwaka 1997 ilijipatia jina kwa kumtoa nje mtu anayeongea. Pwani yetu, mtu aliyeongea alikuwa sehemu ya onyesho. Nyimbo ziliimbwa na watu wasiojua neno moja la Kihindi lakini wanaozijua zote kwa moyo. Steling, yaani shujaa wa picha, akiviziwa nyuma ya mlango, ukumbi mzima ulimwonya. Na kuna sheria isiyoandikwa kwamba steling hafi. Kwa hiyo Sholay ya mwaka 1975, ambamo Amitabh Bachchan anakufa mikononi mwa rafiki yake, iliwaacha watu wengi wakimdai mwenye jumba. Kisha intavali: karanga, kashata, soda, na hadithi ya nusu ya kwanza inasimuliwa upya nje kwa sauti kubwa kuliko ilivyokuwa ndani.

Kilichonunuliwa pale kilikuwa picha pamoja na watu. Anayetaka kuipima biashara hii kwa picha peke yake hawezi kueleza kwa nini mtu aliyeiona filamu ya Awara mara nne alilipa mara ya tano.

Kisha ikaja zamu ya dola. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, ikapewa kazi ya kuagiza na kusambaza filamu. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ilichukua nyumba za kukodisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, baadhi ya majumba ya sinema yakiwamo, na watu waliokuwa wamiliki jana wakawa wapangaji wa Msajili wa Majumba. Zanzibar utaifishaji ulitangulia, baada ya mapinduzi ya 1964. Nia ya sera hizi inaeleweka. Fedha za tiketi zilikuwa zikivuka mipaka kwenda kwa wasambazaji wa nje, na nchi changa ilitaka filamu zinazozungumzia watu wake. TFC ilishiriki kutengeneza filamu kadhaa za Kiswahili, kazi ambayo hakuna mfanyabiashara wa tiketi angeithubutu.

Tatizo lilikuwa kwenye kuchagua. Ofisa aliyeko Dar es Salaam akiamua picha itakayoonyeshwa Moshi wiki ijayo, hana mama mkwe anayeishi Moshi. Haambiwi sokoni kwamba picha imeboa. Halafu, mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikauka. Nakala mpya hazikununuliwa. Zilizokuwapo zilizungushwa hadi zikachanika, zikaungwa, zikachanika tena. Taa ya projekta ikiungua, kuagiza nyingine kulihitaji kibali. Mpangaji asiyemiliki jengo hakuwa na sababu ya kutia chokaa ukuta wala kushona viti. Kunguni hawakuletwa na televisheni.

Ndipo kaseti za video zilipoingia, nyingi zikitoka Dubai na nchi jirani, zikiwa na picha mpya kuliko za jumba. Mtu mwenye deki sebuleni aliona leo kile ambacho ukumbi wenye viti mamia ungeweza kukipata baada ya miaka miwili, na labda usikipate kabisa. Nani angelipa kwenda kukaa kwenye kiti chenye springi zilizotoka nje, aangalie picha iliyokatika katikati ya wimbo?

Yaliyofuata yanajulikana kwa anayetembea mijini. Majumba kadhaa ya Nairobi yakawa makanisa, na tuseme ukweli, kanisa ni mpangaji anayefaa: linajaza viti Jumapili na halihitaji msambazaji. Mengine yakawa maduka na maghala. Uwanja wa sinema ya magari wa Msasani, Dar es Salaam, ambako familia zilikaa ndani ya gari au kutandika mikeka, ukawa eneo la ubalozi wa Marekani baada ya ubalozi wa zamani kulipuliwa mwaka 1998. Tasnia ya Bongo Movie ilikua bila ukumbi. Filamu za Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 na kuzikwa na umati ambao mji hauusahau, zilitoka kiwandani zikaenda moja kwa moja Kariakoo zikiwa diski, kutoka Kariakoo hadi sebuleni. Mwigizaji aliyejulikana toka Kigoma hadi Bujumbura alikuwa na mamilioni ya watazamaji na karibu hana hata mmoja aliyemkatia tiketi.

Hata hivyo, kusema sinema ya kulipia ilikufa ni kuangalia upande mmoja wa barabara. Upande wa pili, nyuma ya bati na turubai, lilikuwapo banda lenye mabenchi, televisheni, spika mbili na ubao wa chaki. Waliliita kibanda umiza, na jina linajieleza: joto, mbavu kwa mbavu, goti la mtu mgongoni. Uganda wanaita kibanda pia. Tiketi ni sarafu chache. Ubao unaandikwa upya kila asubuhi: picha ya mchana, picha ya jioni, mpira wa usiku.

Mwenye kibanda ndiye mrithi halali wa Jariwalla. Anaishi pale pale. Anajua kwamba Jumamosi ligi ya Uingereza itampa fedha ya wiki, kwamba watoto wakifunga shule ataweka picha za mchana, kwamba mwisho wa mwezi anaweza kuongeza bei kidogo. Picha ikiwaudhi watu anaitoa katikati na kuweka nyingine, jambo ambalo hakuna meneja wa jengo la kisasa anayeruhusiwa. Sifa hizi zisifiche doa lake kubwa: sehemu kubwa ya kile anachoonyesha hakukilipia. Aliyetengeneza filamu hapati kitu. Faida ya kibanda imetoka kwenye ujuzi wa mtaa na imetoka pia kwenye mfuko wa mtu mwingine, na si rahisi kuzitenganisha.

Lakini kibanda kilizaa sanaa. Dar es Salaam, Lufufu alijipatia jina kwa kutafsiri picha za nje kwa Kiswahili, akisimulia, akichekesha, akiongeza majina ya mitaa na methali ambazo mtunzi wa Hong Kong hakuziota. Kenya yupo DJ Afro, Kampala wapo VJ Jingo na wenzake. Wasomi wa sinema walipoona haya walikumbuka Japani, ambako zama za filamu bubu kulikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliokaa kando ya pazia na kuzipa sauti sura za kwenye picha. Wengine walikuwa maarufu kuliko waigizaji. Kaka yake mwongozaji wa filamu Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao, kabla filamu zenye sauti hazijawaondoa kazini. Benshi alizikwa na teknolojia. Lufufu na wenzake walizaliwa nayo, wakarekodi sauti zao juu ya kaseti na diski, zikasafiri hadi vijiji ambavyo wao wenyewe hawakuvifika.

Ukumbi rasmi ulirudi kwa sura nyingine, ndani ya majengo ya maduka. Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala sasa zina kumbi zenye viyoyozi, viti vya kuegemea na sauti inayotikisa kifua. Ni nzuri. Ila mtu wa Mbagala akipiga hesabu ya nauli, tiketi na bisi za watoto wawili, anaona ameshamaliza mboga za wiki, na picha atakayoikuta imechaguliwa na watu wasiojua Mbagala iko wapi.

Mashine yenyewe imebadilisha madaraka. Filamu siku hizi haifiki kwa koili. Inafika kama faili kubwa, mara nyingi la gigabaiti mia na zaidi, lililofungwa kwa msimbo. Pamoja nalo hutumwa ufunguo wa kidijitali, na ufunguo huo unafungua faili katika mashine moja iliyotajwa, kuanzia saa fulani ya tarehe fulani hadi saa fulani ya tarehe nyingine. Muda ukiisha, faili ni jiwe. Picha ni safi, haina mikwaruzo, haikatiki. Ila kijana wa baiskeli hana tena cha kubeba. Majumba mawili hayawezi kugawana nakala moja usiku mmoja hata yakiwa mlango kwa mlango, na mwenye ukumbi aliyeona umati umebaki nje hawezi kuongeza onyesho siku ya pili baada ya ufunguo kufa. Projekta inayokubaliwa na kampuni kubwa za filamu huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Paramount ilipoacha kusambaza mikanda Marekani, mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014, kumbi ndogo za miji midogo huko zilibaki na njia mbili: kuchangisha kwa majirani au kufunga.

Masharti nayo ni mazito. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba Disney, kwa ajili ya Star Wars: The Last Jedi, ilidai asilimia 65 ya mapato ya tiketi kutoka kwa kumbi za Marekani, na filamu ikae wiki 4 katika ukumbi mkubwa wa kila jengo. Kwa jengo lenye kumbi 12 hilo linavumilika. Kwa mji wenye watu elfu chache na ukumbi mmoja, wiki ya pili kila anayetaka kuiona ameshaiona, na wiki mbili zilizobaki mwenye jumba anaonyesha viti vitupu kwa mujibu wa mkataba.

Tuchukue mfano wa kukisia, wa ukumbi wa viti 60 mahali fulani Dar es Salaam. Maonyesho matatu kwa siku ni viti 1,260 kwa wiki. Ukijaza robo tu, umefanya vizuri kwa siku za kawaida: watu 315. Tiketi ikiwa shilingi 8,000, umekusanya 2,520,000. Msambazaji akichukua nusu, zimebaki 1,260,000, na hapo pango, umeme, mafuta ya jenereta, kodi na mishahara ya watu wanne havijaguswa. Sasa weka bisi na soda. Wawili kati ya kila watatu wakinunua kwa shilingi 4,000, na vitu hivyo vikikugharimu 1,000, unapata faida ya 630,000, ambayo hakuna msambazaji anayeidai. Hiyo ni nusu ya ulichobakiwa nacho kwenye tiketi. Bisi ghali zinakasirisha, lakini mtu anayeingia na bisi zake mfukoni anakula mshahara wa fundi.

Hesabu hiyo pia inaonyesha mahali pa kubana. Pango ni vigumu kulibana, umeme ni vigumu kuubana. Kinachobadilika ni ile robo, na robo inabadilishwa na uteuzi wa picha. Mumbai, jumba la Maratha Mandir lilianza kuonyesha Dilwale Dulhania Le Jayenge Oktoba 1995, na limeendelea kuionyesha miaka zaidi ya ishirini na mitano katika onyesho moja la kabla ya adhuhuri, kwa tiketi rahisi mno, likisimama tu pale janga la 2020 lilipofunga kumbi. Saa hiyo hakuna mtu mwingine wa kumuuzia. Kilicho karibu ni stesheni kuu na kituo cha mabasi, wasafiri wanaosubiri, wapenzi wasio na pa kukaa, watu wanaoijua kila sentensi ya filamu. Mwenye jumba aliwaona.

Nairobi, ukumbi mdogo wa Unseen huko Kilimani umejenga wateja kwa filamu za Kiafrika na za watengenezaji huru, zile ambazo jengo la maduka halina nafasi nazo, na mara nyingine mtengenezaji mwenyewe hubaki kuzungumza na watazamaji. Dar es Salaam, kundi la Ajabu Ajabu limekwenda njia ya kibanda. Filamu yao Tenzi za Sinema inawafuata wasimulizi na watu wa maktaba za video wanaoipeleka Maangamizi: The Ancient One, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ya mwaka 2001, mbele ya watazamaji wa mitaani ambao hawakuwahi kupata nafasi ya kuiona. Filamu ya Kitanzania ilipaswa kutafsiriwa na DJ, msimulizi wa kibandani, ili irudi nyumbani. Sehemu ya maneno yake ni ya Kiingereza, ndiyo, lakini sauti ya DJ ilifanya zaidi ya kutafsiri: iliwaambia waliokaa kwenye benchi kwamba kazi hii ni yao.

Majestic la Vuga bado lina ukuta wake wa mbele, na kumekuwapo juhudi za kulifufua. Mazungumzo ya ufufuaji huanza na jengo: paa, nyufa, rangi ya asili, hadhi ya Mji Mkongwe. Hayo yana wafadhili na wahandisi wake. Usiku wa ufunguzi utajaa, kama kumbi zinavyojaa kila tamasha la filamu la ZIFF linapokuja, na picha itakayoonyeshwa usiku huo haina umuhimu mkubwa. Kinachostahili kuulizwa mapema ni Jumanne ya masika, saa tatu usiku, wageni wa hoteli hawapo, mvua inapiga paa jipya, na walioingia ni watu kumi na wanne, sita kati yao wakiwa wamekuja pamoja kutoka Michenzani. Kuna mtu anayepaswa kujua kwa nini hao sita wamekuja, awe na ruhusa ya kubadilisha picha ya Jumanne ijayo kwa sababu yao, na awashe projekta.